Je, Plastiki Yaweza Kuchukua Mahali pa Chuma?

Mtu apitaye Majengo, Nairobi, akaelekea soko la Gikomba, husikia nyundo za mafundi wanaokunja mabati kufanya masanduku na majiko. Kando yao huuzwa mabeseni na mitungi ya plastiki. Kila mama ajua tofauti ya vitu hivyo: beseni la plastiki ni jepesi, halishiki kutu, nalo lafaa kwa kufulia, lakini karai la kukaangia mandazi sharti liwe la chuma.

Kanuni hiyo ndiyo itawalayo utengenezaji wa bunduki. Jambo hili lawahusu Wakenya, kwa kuwa mwezi wa Aprili 2021 kilifunguliwa huko Ruiru kiwanda cha serikali, kilichoelezwa kuwa chaweza kufanya bunduki 12,000 kwa mwaka. Fedha ni za umma, na maisha ni ya askari.

Yafaa kufahamu kwanza viungo vya bunduki. Baruti ikilipuka, nguvu na moto wake huzuiliwa na mtutu na komeo. Hivyo viwili hufanywa kwa chuma cha pua, na plastiki haiwezi kuvishindia. Kiwiliwili ni sehemu ya katikati ambayo hushika mtutu, huongoza mwendo wa komeo, na hubeba kifyatulio. Zamani kiwiliwili kilikuwa cha chuma kitupu, kwa sababu komeo lilijifunga ndani yake. Katika bunduki ya M16 ya Marekani, meno ya komeo hushikana na pete ya chuma iliyofungwa nyuma ya mtutu. Kwa hiyo kiwiliwili hakibebi nguvu yote, nacho hufanywa kwa aluminiamu.

Je, plastiki nayo? Mwaka 1959 kampuni ya Remington ilitoa Nylon 66, bunduki ndogo ya kuwindia yenye kiwiliwili cha nailoni, nayo ikadumu sokoni miaka mingi. Katika miaka ya 1990 jeshi la Ujerumani lilipokea G36, ambayo kiwiliwili chake ni cha plastiki iliyotiwa nyuzi za kuimarisha na vipande vya chuma. Ilisifiwa kwa wepesi. Lakini mwaka 2015 uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba bunduki hiyo ikipata joto kali shabaha yake hupotea, na waziri wa ulinzi akatangaza kwamba itaondolewa. Kampuni iliyoitengeneza ilikana lawama, na mwaka 2016 mahakama ya Koblenz iliamua kwamba bunduki hizo zilikuwa sawasawa na mapatano ya mauzo.

Hapo pana fundisho. Silaha yaweza kuwa sawa na mkataba, na bado isimfae askari anayepigana juani. Basi plastiki yaweza kuchukua mahali pa chuma katika kitako, mshikio, na hata kiwiliwili, maadamu chuma kimeachiwa kazi ya kuzuia nguvu na moto. Anunuaye na aeleze mapema joto la nchi yake na idadi ya risasi zitakazopigwa mfululizo, kisha ajaribu kabla ya kulipa.