Nakshi za kale za India bado zina soko

MAPAZIA yenye maua na matawi yaliyojipinda, pamoja na karatasi za ukutani za nakshi hizohizo, bado huuzwa kwa bei kubwa London na Paris. Asili ya nyingi ya nakshi hizo ni vitambaa vya pamba vya pwani ya Coromandel, kusini mashariki mwa India.

Siri ya mafundi wa huko ilikuwa rangi isiyochuja. Walichora kwa maji ya shabu, kisha wakachemsha kitambaa pamoja na mizizi inayotoa wekundu. Penye shabu rangi ilishika, pasipo shabu ilitoka kwa kufuliwa. Buluu ilitokana na mnili.

Katika karne ya 17 vitambaa hivyo viliteka soko la Ulaya, wafumaji wa huko wakalalamika. Ufaransa ilivipiga marufuku mwaka 1686, Uingereza ikakaza sheria yake mwaka 1721. Ufaransa ilipolegeza mwaka 1759, haukupita muda Christophe-Philippe Oberkampf akafungua kiwanda cha kuchapa vitambaa Jouy, mwaka 1760. Faida ikahamia kwa walioiga.

Leo mafundi wa Sanganer na Bagru, karibu na Jaipur, wanaochapa kwa mihuri ya mbao, wana kinga: majina ya vitambaa vyao yamesajiliwa kisheria kwa jina la mahali vinakotoka.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, somo ni hili: pamba ghafi ina bei yake, lakini fedha nyingi huingia kwenye rangi, nakshi na jina. Asiyelinda jina lake, wajanja hulivunia.