Tucheke na Mwenzetu, Tusimcheke

Je, mashine ya kuvuta vumbi yaweza kuwa chombo cha muziki? Mwaka 1956, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, ilikuwa hivyo. Mchoraji wa vikatuni Gerard Hoffnung aliandaa tamasha la kuutania muziki wa kiklasiki. Mtunzi Malcolm Arnold alitunga muziki wa okestra nzima, mashine tatu za kuvuta vumbi, moja ya kung'arisha sakafu, na bunduki nne! Tamasha lilirekodiwa, na katika santuri twasikia watu wakiangua vicheko.

Hoffnung alizaliwa Berlin mwaka 1925, katika familia ya Kiyahudi. Utawala wa Wanazi uliwafanya wakimbie, naye akakulia Uingereza. Angeweza kuishi kwa uchungu. Badala yake alichekesha watu, tena alikuwa akiwatembelea wafungwa gerezani. Alifariki mwaka 1959, akiwa na miaka 34 tu. Mkewe, Annetta, aliitunza kazi yake.

Utani huo haukumvunjia mtu heshima. Waliotania waliupenda muziki wenyewe. Nasi nyumbani tuwafundishe watoto wetu kucheka na mwenzao, wala si kumcheka.