Uliza Kabla ya Kuweka PIN: Jinsi ya Kupata Gereji ya Kuaminika ya Gari la Haibridi

Mteja wetu mmoja alitupigia simu jioni akiwa kando ya Waiyaki Way, karibu na Kangemi. Toyota Aqua yake, iliyokuwa imetoka Japani miezi michache tu kabla, ilikuwa imewasha taa ya onyo na haikutaka kuvuta. Lakini hakutupigia kwa sababu ya gari. Siku nne kabla ya hapo alikuwa amemtumia fundi shilingi 60,000 kwenye nambari yake ya kibinafsi. Fundi akafungua betri, akabadilisha selo mbili, taa ikazimika. Sasa ilikuwa imewaka tena na fundi anasema, "Hizo ni selo zingine, bosi. Tuma kidogo tumalize."

Swali la mteja lilikuwa moja: "Mnaweza kunirudishia hiyo pesa?"

Tulilazimika kumwambia hapana. Kurudisha muamala ni kwa mtu aliyekosea nambari. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, kwa kazi mliyokubaliana, kisha kazi ikawa mbovu, huo ni mgogoro kati yako na yeye. Sisi hatuwezi kuchomoa pesa kwenye akaunti yake kwa sababu hiyo. Ndiyo maana tumeandika makala haya: kinga yako kubwa iko kabla ya kuweka PIN, si baada yake.

Kwa nini haibridi inataka fundi wake

Aqua, Prius, Fielder, Honda Fit, Vezel: magari haya ya haibridi yamejaa Nairobi, na mengi yaliingia kupitia bandari ya Mombasa yakiwa yameshatumika Japani. Kenya inaruhusu gari lililotumika ambalo halijapita miaka minane. Kwa hivyo gari lako linaweza kuwa jipya kwako na jipya kwa majirani, lakini betri yake kubwa ikawa na umri wa miaka saba.

Betri hiyo si kitu kimoja. Ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20 zilizounganishwa, jumla ya volti 144. Ya Prius ya kizazi cha tatu ina moduli 28, zaidi ya volti 200. Moduli hizo zimezeeka pamoja. Ukitoa mbili zilizokufa na kuweka nyingine, zilizobaki bado ni zile zile za zamani, na baada ya muda mfupi inayofuata nayo inaweza kuchoka. Kwa hivyo fundi anayebadilisha selo chache si lazima awe tapeli. Shida ni pale anapokuuzia kiraka na wewe unadhani umenunua betri.

Jambo la pili ni vumbi. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu dogo karibu na kiti cha nyuma. Tundu likizibwa na mizigo, au feni ikijaa vumbi, betri hupata joto na kuzeeka haraka. Kusafisha feni hiyo ni kazi ndogo sana ukilinganisha na bei ya betri, ambayo inaweza kuzidi laki moja. Gereji inayotaja betri mpya kabla hata ya kuangalia feni, iogope kidogo.

Wapi pa kuanzia

Kama gari ulilinunua jipya kabisa kwa wakala rasmi hapa nchini, anza na kitabu cha dhamana. Soma betri ya haibridi imelindwa kwa miaka mingapi au kilomita ngapi, na ni huduma zipi usipozifanya kwa wakati utapoteza ulinzi huo. Kumpelekea fundi wa mtaani afungue betri kunaweza kukufutia dhamana yote.

Kama gari lilitoka Japani likiwa limetumika, usichukulie kwamba dhamana ya huko ilikuja nalo. Bado unaweza kuuliza idara ya huduma ya wakala rasmi. Wapigie, wape nambari ya chesi, uwaulize kama wanahudumia modeli hiyo na kama kifaa chao cha uchunguzi kinaisoma. Ni bora uambiwe hapana kwa simu kuliko uambiwe baada ya kukaa kwenye foleni ya Westlands asubuhi nzima.

Njia ya tatu ni gereji huru zinazojua haibridi, na upande wa Ngong Road hutakosa wanaokwambia wanaijua. Uliza madereva wa teksi za programu. Wao wako barabarani siku nzima, na gari likilala gereji wanakosa unga. Usimuulize dereva "nani fundi mzuri?" tu. Muulize, "Ulirudi kwake na shida ile ile mara ngapi?"

Na Barabara ya Kirinyaga pale mjini, ambayo wengi bado tunaiita Grogan? Pale ni pazuri kwa kulinganisha bei za spea. Lakini moduli ya betri iliyotumika haionyeshi umri wake kwa macho. Usinunue bila kipimo na bila risiti yenye jina la duka.

Maswali ya kuuliza ukiwa umesimama hapo gereji

Kwanza, omba kuona matokeo ya kipimo. Fundi akisema gari limetoa msimbo P0A80, huo unaelekeza kwenye kuchakaa kwa betri ya haibridi. Lakini msimbo ni mwanzo wa uchunguzi, si hukumu. Mwombe akuonyeshe volti za kila kundi la moduli gari likiwa linavuta mzigo, kisha akutumie picha kwa simu. Mwenye kifaa hatakasirika. Anayesema "niamini tu" anakuomba ulipe bila kuona.

Pili, angalia anavyofungua. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme mkubwa unaoweza kuua. Anayejua kazi huvaa glavu maalum za umeme, hutoa plagi ya usalama, na husubiri kama dakika kumi umeme uliobaki kwenye mitambo uishe. Akiingiza bisibisi moja kwa moja, chukua ufunguo wako uende.

Tatu, uliza anachouza: betri mpya, betri nzima iliyotumika, au moduli chache? Hizo ni bidhaa tatu na bei tatu. Jibu liandikwe kwenye makadirio ya bei.

Nne, dhamana ni ya miezi mingapi, na ikiharibika tena, nani analipia kazi ya kufungua? "Utarudi tu tutaangalia" si dhamana.

Sasa tuje kwenye pesa

Lipa ada ya uchunguzi peke yake, upate matokeo, ndipo uamue. Ukitaka kuwauliza gereji nyingine kwa matokeo hayo, una haki hiyo.

Ukikubali kazi, gawanya malipo yafuate kazi: sehemu ya kununua spea, sehemu ukiona spea imefika, na salio baada ya kuliendesha gari. Usiliendeshe kuzunguka gereji tu. Liendeshe kwenye mlima, kwenye foleni, hadi betri ifanye kazi yake.

Lipa kwa till au Paybill ya gereji. Kabla hujathibitisha, soma jina linalotokea kwenye skrini. Lifanane na jina lililo kwenye makadirio. Ukitumia Paybill, kwenye nafasi ya akaunti andika nambari ya gari au ya ankara, ili malipo yajieleze yenyewe baadaye. Ukisikia "till iko na shida, tuma tu kwa namba yangu", jibu kwa upole kwamba utangoja till ipone. Vile vile, tangu Agosti 2023 muamala mmoja unaweza kufika shilingi 250,000, kwa hivyo bili nyingi za gereji hutosha ndani yake. Anayekutaka ugawanye pesa kwa nambari za watu watatu akueleze sababu, na kwa maandishi.

Omba risiti. Ikiwa ni ya eTIMS ya KRA, ina msimbo wa QR unaoweza kuukagua kwa simu yako. Usifute ujumbe wa malipo. Upige picha na uuhifadhi pamoja na makadirio, matokeo ya kipimo na mazungumzo yenu.

Mambo yakiharibika

Makaratasi hayo ndiyo yatakayokusemea. Kwanza mwandikie mwenye gereji, mpe siku za kurekebisha. Akikataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Mahakama hiyo haibanwi na kanuni zote ngumu za ushahidi, lakini lazima uwe na kitu cha kuonyesha. "Nilimtumia" ni maneno. Ujumbe wenye jina, tarehe na kiasi, pamoja na makadirio yanayosema pesa ilikuwa ya nini, ni ushahidi.

Mteja wetu wa Kangemi alikuwa na ujumbe wa malipo. Hakuwa na kitu kingine chochote: hakuna makadirio, hakuna kipimo, na jina lililo kwenye ujumbe halikuwa hata lile analoitwa fundi pale mtaani. Wiki iliyofuata alipeleka gari kwingine, akalipa ada ya uchunguzi tu kwa till, na akatoka na picha ya volti za betri nzima. Bado hajapata 60,000 zake. Lakini safari hii, kabla ya kuweka PIN, alijua ananunua nini na kwa nani.