Postikadi, Leso na Sura ya Watu wa Mombasa

Usanifu wa michoro ni kazi ya kupanga picha, maandishi na rangi ili ujumbe umfikie mtazamaji hata kabla hajaanza kuuhoji. Bango, nembo, kibandiko cha bidhaa, kadi ya posta na kitambaa cha chapa vyote hutokana na kazi hiyo. Mchoro ukihusu watu, msanifu hana budi kuamua nani aonekane, avae nini, aitwe nani na kipi kiachwe nje. Kwa watu wa Kisiwa cha Mombasa, hasa wa Mji wa Kale, maamuzi hayo yamekuwa yakifanywa kwa zaidi ya karne moja, na mara nyingi walioyafanya ni wageni.

Mfano wa mapema ni postikadi. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na meli zikawa zinashusha maofisa, walowezi na wasafiri waliotaka kitu cha kuwapelekea jamaa zao. Biashara ya picha katika pwani ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wagoa, wakiwemo A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho wenye studio Unguja. Picha zilipigwa huku, nyingi zikachapishwa Ulaya, kisha zikarudi kuuzwa madukani.

Ndani ya kadi ya sentimita 9 kwa 14 hivi mna kazi kubwa ya usanifu. Mwanamke aliyeketi mbele ya pazia la studio alikuwa na jina, ukoo na mtaa. Kadi iliyafuta yote hayo, na chini yake pakachapwa maneno ya mfano wa “mwanamke wa Kiswahili” au “mrembo wa Mombasa”, kwa lugha ya mnunuzi. Kwa maandishi hayo machache mtu mmoja aligeuzwa sampuli ya kabila zima. Picha ileile iliweza kutolewa upya ikiwa na maelezo mengine, na kwenye kadi za rangi, rangi ilitiwa kiwandani na fundi ambaye huenda hajawahi kuiona pwani. Aliyepokea kadi hiyo Ulaya hakuwa na sababu ya kuishuku, kwani picha ya kamera ilihesabiwa kuwa ushahidi. Mpaka leo kadi hizo hunakiliwa katika vitabu na kutundikwa kwenye kuta za hoteli, na mara nyingi maelezo yake ya zamani hayaguswi.

Herufi nazo hufanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Kuna mtindo wa herufi za Kirumi zilizopindwa na kutiwa vitone ili zifanane na hati ya Kiarabu, nao hupendwa kwa mabango ya mikahawa, vipeperushi vya utalii na majalada ya vitabu kuhusu nchi za Waislamu. Humwahidi mgeni viungo na uvumba, lakini asomaye Kiarabu hapati humo hata neno moja. Kwa Mombasa athari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana hapa hati ya Kiarabu ilikuwa hati ya kazi: ndiyo iliyotumika kuandikia Kiswahili chenyewe, kuanzia tungo za mshairi Muyaka bin Haji katika karne ya 19 hadi gazeti la Sahifa, alilolianzisha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mwaka 1930. Bango linapoifanya hati hiyo pambo, jamii iliyokuwa na maandishi yake huonekana kama jamii yenye nakshi tu.

Mapembe ya bandia ya ndovu katika Barabara ya Moi, yaliyosimamishwa miaka ya 1950 kwa heshima ya jamaa wa kifalme wa Uingereza, sasa ni nembo ya mji mzima kwenye fulana na vipeperushi. Kwa nembo yanafaa, kwa kuwa yana umbo la herufi M na hutambulika kwa mbali. Kuhusu watu wa mji hayasemi lolote.

Rangi ilikuja kuwa suala la serikali. Mwaka 1990 Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2018 serikali ya kaunti ikaagiza majumba ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na kutiwa mistari ya buluu. Mji ulipata sura moja inayopendeza pichani. Ila mtaa wenye nyumba za Waswahili, Waarabu na Wahindi, wakiwemo Mabohora, zenye baraza, roshani na milango isiyolingana, haukuwahi kuwa na sura moja, na agizo la namna hiyo hufunika tofauti zinazoeleza historia yake.

Leso, yaani kanga, ina habari nyingine. Muundo wake unajulikana: pindo la kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno yanayochapwa chini ya mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili viwili. Mwishoni mwa karne ya 19 mavazi yalionyesha daraja la mtu waziwazi, na kaniki, kitambaa cheusi kisicho na mapambo, ilihusishwa na watumwa. Utumwa ulipokomeshwa, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajifunga leso za rangi na maua. Walitumia mchoro wa kitambaa kudai watazamwe kama waungwana.

Katika Mtaa wa Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake hutambuliwa kwa chapa ya “Mali ya Abdulla”, limekuwa katika biashara hii tangu karne ya 19. Leso zenyewe kwa muda mrefu zimechapwa ng'ambo, kama zilivyochapwa postikadi. Tofauti iko kwa mnunuzi. Mfanyabiashara wa leso alilazimika kufuata matakwa ya wanawake wa pwani, kwa sababu mchoro au jina wasilolipenda lilibaki rafuni. Mpiga picha wa postikadi alimsikiliza msafiri wa meli. Anayetafiti jinsi wanawake wa Mombasa walivyotaka kuonekana aanze na leso zao, kisha ndipo azitazame kadi.