Deni au kikomboleo? Mswada uliotaka kuizuia Marekani kuilipa Iran

PESA zinapokabidhiwa wakati ule ule wafungwa wanapoachiliwa, ni vigumu kuushawishi umma kwamba hazikuwa kikomboleo. Hilo ndilo lililozua mvutano kati ya wabunge wa Marekani na serikali ya Rais Barack Obama mnamo 2016.

Januari mwaka huo, dola milioni 400 taslimu, zikiwa katika sarafu za euro, faranga za Uswisi na nyinginezo, zilisafirishwa kwa ndege hadi Iran. Wakati huo huo, Iran iliwaachilia huru Wamarekani iliokuwa ikiwazuilia, akiwemo Jason Rezaian, mwanahabari wa gazeti la Washington Post.

Serikali ilishikilia kwamba hilo lilikuwa deni. Kabla ya mapinduzi ya 1979, Iran chini ya utawala wa Shah ilikuwa imeilipa Marekani pesa za silaha ambazo hazikuwahi kufikishwa. Madai hayo yalikuwa mbele ya mahakama maalumu mjini The Hague, iliyoundwa 1981. Pamoja na riba ya takriban dola bilioni 1.3, Marekani ilikubali kulipa jumla ya dola bilioni 1.7.

Hata hivyo, Agosti 2016, Wizara ya Mashauri ya Nchi za Kigeni ilikiri kuwa pesa hizo zilizuiliwa hadi wafungwa walipoondoka Iran. Kwa wakosoaji, kauli hiyo ilithibitisha kwamba deni lilikuwa limetumiwa kama kikomboleo.

Septemba 22, 2016, Bunge la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 254 dhidi ya 163, mswada uliodhaminiwa na Ed Royce wa chama cha Republican. Mswada huo ulilenga kupiga marufuku malipo ya pesa taslimu kwa Iran, na kumtaka Rais alifahamishe Bunge siku 30 kabla ya kulipa madai ya aina hiyo.

Masharti hayo yalikuwa na sababu. Kupiga marufuku kikomboleo pekee hakungetosha, kwani sera ya Marekani tayari ilikataa kukilipa, na hakuna serikali inayokiri kufanya hivyo. Ndiposa wabunge wakaelekeza sheria kwenye njia ya malipo na usiri wake. Pesa taslimu ni vigumu kufuatilia zinakoishia.

Ikulu ya White House ilitishia kuukataa mswada huo. Seneti haikuupitisha, nao ukafa muhula wa Bunge ulipokamilika Januari 2017.

Suala hilo lilirejea Septemba 2023, Wamarekani watano walipoachiliwa huku takriban dola bilioni 6 za Iran zilizokuwa Korea Kusini zikihamishiwa Qatar. Mara hii pia pesa zilikuwa za Iran yenyewe, na mara hii pia wabunge waliteta.

Kwa familia ya mfungwa, jina la malipo si hoja mradi mpendwa wao arudi nyumbani. Hofu ya wabunge ni kwamba malipo hayo huenda yakamtia mwingine kifungoni.