Majani Mekundu ya Oktoba: Kwa Nini Misitu Yetu Hubadilika Rangi, na Nini cha Kula Msimu Huu

Picha za vilima vya Italia zimeenea sana siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp. Miti ya njano, miti myekundu, meza iko chini ya mti, watu wanakula zabibu na uyoga. Msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Bungu alituma ujumbe wa sauti akiuliza mbona sisi wa Kibiti na Rufiji hatukujaliwa msimu kama huo. Tulimjibu hewani kwamba amejaliwa, tena upo nyuma ya nyumba yake mwezi huu huu. Muda wa kipindi ukatuishia kabla hatujaeleza, kwa hiyo tunaeleza hapa.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Majira yale ya Ulaya, kuanzia Septemba hadi Desemba, vitabu vingi vya Kiswahili huyaita vuli. Lakini vuli yetu ni mvua. Mtu wa Muhoro ukimwambia vuli imefika, anatafuta jembe. Mtu wa Italia anatafuta koti.

Kule siku zinakuwa fupi na baridi inakaribia. Mti unajua kwamba ukibaki na majani wakati wa baridi utapata hasara, hivyo huanza kurudisha akiba yake ndani. Ile rangi ya kijani iitwayo klorofili, ambayo ndiyo inayomsaidia jani kupika chakula kwa jua, huvunjwavunjwa na viungo vyake kurudishwa kwenye matawi. Kijani kikiondoka, njano iliyokuwa imejificha chini yake siku zote inaonekana. Miti mingine hutengeneza na rangi nyekundu siku zile za mwisho. Kisha jani linaanguka. Kwa hiyo uzuri wote ule unaouona pichani ni majani yanayoaga.

Sasa njoo kwetu. Panda gari Kibiti uelekee Ikwiriri mwishoni mwa Septemba au mwezi Oktoba, kabla mvua haijagusa ardhi. Nyasi ni kavu, mibuyu iko uchi, vumbi tupu. Lakini tazama pale penye miyombo iliyobaki. Utaona vilele vina rangi ya shaba, vingine vyekundu kabisa, vingine rangi ya damu ya mzee. Ukiwa na haraka utadhani msitu umeungua. Sisi wenyewe safari moja tukielekea Utete tulibishana ndani ya gari, mmoja wetu akishikilia kwamba huo ni moto uliopita. Tuliposhuka tukakuta majani laini kama ulimi wa mtoto.

Hayo ni majani yanayozaliwa.

Miyombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi kikali, lakini haisubiri mvua ndipo ichipue. Mizizi yake imekwenda chini sana na mti umeweka maji kwenye shina. Joto likianza kupanda, wiki kadhaa kabla ya mvua, unatoa majani mapya. Jani changa bado halina klorofili ya kutosha wala ngozi ngumu, na jua la Oktoba ni kali. Wataalamu wa mimea wanaeleza kwamba ile rangi nyekundu, ambayo huitwa anthosianini, hufanya kazi kama kivuli cha kumlinda jani mpaka akomae. Wengine wanaongeza kwamba huenda inawapunguzia hamu wadudu wanaokula majani. Baada ya wiki chache wekundu unafifia, kijani kinashika nafasi.

Huhitaji kwenda msituni kuthibitisha. Tazama mwembe wako. Ukichipua, majani machanga yananing'inia yakiwa mekundu au ya zambarau, malegevu, kama nguo iliyoloa. Mkorosho nao hufanya hivyo kwa rangi ya hudhurungi. Ni jambo lile lile.

Upo mti mmoja kwetu unaofanya kama ile ya Italia: mkungu, ule wa vivuli vya mezani unaopandwa sana pwani na kwenye viwanja vya shule. Majani yake makubwa hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, na watoto huokota kungu chini yake wakazivunja kwa mawe. Kwa hiyo majani mekundu ya mkungu ni ya uzee, na ya muyombo ni ya utoto.

Na chakula je? Waitaliano wa vijijini wakati huu wanavuna zabibu, zeituni, uyoga wa msituni, na mbegu kubwa za kahawia za mti uitwao chesnati ambazo huchomwa kwenye makaa. Vijiji hufanya sherehe za zao moja moja, na watu wa mjini huja kula. Sisi hatuna sherehe hizo, lakini tukihesabu vilivyopo mezani kati ya Oktoba na Desemba, hatuoni tunachopungukiwa.

Bondeni kuna mazao ya mlao. Vijana wengi wa mjini hawalijui tena neno hili, ingawa babu zao waliishi kwalo. Mto Rufiji ukifurika wakati wa masika huacha tope lenye rutuba. Maji yakishuka, mkulima anayafuata nyuma nyuma na kupanda mahindi, kunde, choroko, maboga na matikiti kwenye unyevu uliobaki, bila kutegemea mvua nyingine. Mazao hayo huvunwa kiangazi, wakati wilaya nyingine ghala zinaanza kuonyesha sakafu. Zamani familia zilihamia shambani zikaishi kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu, kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Operesheni Rufiji, watu wengi walihamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu, na shamba likawa mbali na nyumba. Siku hizi kuna jambo jingine: Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, hivyo maji yanayofika bondeni yanategemea pia yanavyofunguliwa huko juu. Na mafuriko ya Aprili 2024 yaliyosomba mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti wote tunayakumbuka. Mkulima wa mlao leo anahitaji kusikiliza taarifa za mto kama anavyosikiliza taarifa za hali ya hewa.

Maziwa ya bonde kama Ruwe na Zumbi nayo yanapungua maji wakati huu, na samaki wanapatikana kwa urahisi zaidi. Perege au kambale akiungwa kwa nazi na embe bichi badala ya ndimu, hapo hatutaki kuongeza neno.

Maembe yenyewe huanza kuiva Novemba. Dodo, boribo, sindano, kila mtu na lake. Shida ni kwamba yanaiva yote pamoja, bei inaanguka, na Desemba utayakuta yamelala chini yakiliwa na nzi. Mama wa nyumbani mwenye chumvi na jua anaweza kuokoa sehemu: embe bichi lililokatwa vipande vyembamba, likatiwa chumvi na kukaushwa, huungia mboga hadi masika. Achari nayo hudumu.

Lakini hasara kubwa kuliko ya maembe ni ya mabibo. Mkorosho uliletwa pwani yetu na Wareno kutoka Brazil, na korosho tunaijua thamani yake kwa sababu ina mnada na stakabadhi. Bibo lenyewe halina mnada. Tunalinyofoa, tunaokota korosho, tunda tunalitupa. Na tunda hilo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Kinachowakimbiza watu ni ule ukakasi unaoshika koo. Ukakasi unaondoka hivi: okota mabibo mazima yaliyoiva siku hiyo hiyo, yaoshe, yakamue, kisha tia uji mwepesi wa mchele au wa muhogo uliopoa kabisa. Koroga, acha utulie. Wanga wa uji unashikana na ile dawa inayokaza koo na kushuka nao chini. Chuja kwa kitambaa safi, chemsha kidogo, tia sukari ukipenda. Unywe siku hiyo, maana maji ya bibo yanachacha upesi. Tahadhari moja: usiwaache watoto wabanje korosho mbichi kwa meno. Mafuta ya ganda lake yanaunguza midomo na ngozi.

Mabungo nayo yatafuata mvua zikianza. Hayo tumwachie kila mtu na sukari yake.

Tubaki kidogo kwenye uyoga, kwa kuwa hapa ndipo msitu na chungu vinapokutana. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga mwingi unaoliwa hutokeza chini ya miyombo, na si kwa bahati. Aina nyingi za uyoga huo huishi zimeungana na mizizi ya miti hiyo: uyoga unaupa mti maji na virutubisho kutoka ardhini, mti unaupa uyoga sukari. Ukikata miyombo yote, uyoga wake hautoki tena, hata mvua inyeshe vipi. Kwa wanaookota, tunaomba msikie vizuri: hakuna kipimo cha nyumbani kinachotambua uyoga wa sumu. Si kuchemsha na kitunguu, si kuangalia kama wadudu wameula, si kuuchemsha mara mbili. Kula ule tu ambao mtu mzima anayeujua ameuona kwa macho yake na kuuthibitisha. Mtu akitapika au kuharisha baada ya kula uyoga, apelekwe kituo cha afya mara moja na mabaki ya uyoga yachukuliwe, hata kama baada ya saa kadhaa anaonekana amepata nafuu. Sumu nyingine humwacha mgonjwa apumzike kidogo huku inaharibu ini.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Oktoba, mwezi wa majani mekundu, ndio pia mwezi wa moto. Watu wanasafisha mashamba wakisubiri vuli, wawindaji wanafukuza wanyama, wachomaji mkaa wanaacha matanuri bila mtu. Nyasi zimekauka kabisa, upepo upo. Moto wa Juni au Julai, wakati nyasi bado zina unyevu, hupita chini na kuzimika. Moto wa Oktoba hupanda. Unaunguza majani machanga yaliyotolewa kwa akiba ya mwisho ya maji, unaunguza maua ambayo nyuki walikuwa wameyaanza, na mti mdogo haupati nguvu ya kuchipua mara ya pili. Mkorosho wenye matunda ukipitiwa na moto, mwaka huo umekwisha kwa mwenye nao. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 biashara imetufikia, na tumeifurahia, lakini mbao na mkaa navyo vilipata njia, na miyombo ya kando ya barabara imepungua tukiitazama.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma. Ukienda kwa mtendaji wa kijiji atakueleza utaratibu. Kwa shamba la kawaida, kata barabara ya moto kuzunguka eneo lako, safisha majani mpaka udongo uonekane, waarifu majirani wote wa mpakani, choma jioni upepo ukitulia, na usiondoke mpaka moshi uishe. Kama shamba ni dogo, fyeka na uache majani yaoze. Udongo utakushukuru zaidi kuliko majivu.

Wekundu huu haukai. Mvua mbili tatu zikishanyesha, msitu wote unakuwa kijani na hutaweza kumwonyesha mtu ulichokiona. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukipita penye miyombo, mwembe unaochipua, au mkungu wa shuleni, piga picha na ututumie ukitaja kijiji chako. Yule wa Bungu tumemwomba atangulie.