Pima Kabla ya Kununua: Mzingo na Eneo katika Kupanga Bustani ya Nyumbani

Bustani nyingi za mboga huanzia dukani. Mkazi hununua wavu wa uzio, kisha hurudi nyumbani kutafuta mahali pa kuuzungusha. Matokeo yake huwa mojawapo kati ya mawili: wavu hupelea kabla ya kufunga kona ya mwisho, au hutosha, lakini maji ya kumwagilia yakakosekana na mchicha ukakauka. Hasara zote mbili huepukika kwa vipimo viwili vinavyofundishwa katika shule ya msingi: mzingo na eneo.

Mzingo ni jumla ya urefu wa pande zote za umbo, nao ndio unaoamua gharama ya uzio. Eneo ni ukubwa wa nafasi iliyo ndani ya mzingo huo, nalo ndilo linaloamua kiasi cha mbegu, mbolea na maji.

Wavu uleule, bustani tofauti

Chukulia kaya yenye wavu wa mita 40. Ikizungushia mstatili wa mita 15 kwa 5, itapata mita za mraba 75. Ikizungushia mraba wa mita 10 kila upande, itapata mita za mraba 100. Uzio haukuongezwa hata mita moja. Katika mraba huo, nguzo zikisimamishwa kila baada ya mita 2, zitahitajika nguzo 20.

Hata hivyo, si eneo lote linalopandwa. Katika mraba huo, matuta yenye upana wa mita 1, yakiachiwa njia za nusu mita kati yake, yatakuwa 7. Ikiachwa mita 1 ya kupita upande wa lango, kila tuta litakuwa na urefu wa mita 9, na eneo la kupanda litakuwa mita za mraba 63. Kwa mpango huohuo, mstatili ule utapata matuta 3 ya mita 14, yaani mita za mraba 42 tu. Mbolea nayo huwekwa kwenye matuta, si kwenye njia. Hivyo, bwana shamba akielekeza debe moja kwa kila mita ya mraba, yatahitajika madebe 63, wala si 100.

Kiwanja kisicho na umbo kamili kigawanywe katika mistatili na pembetatu. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Maeneo hayo hujumlishwa, lakini mistari ya ndani inayoyatenganisha haihesabiwi katika uzio.

Futikamba, si hatua

Kwa mazoea, ekari huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa 70. Ekari ni takriban mita za mraba 4,047. Mwenye hatua ya mita 1 atapata 4,900, na mwenye hatua ya sentimita 80 atapata 3,136. Kwa sababu hiyo, vipimo vichukuliwe kwa futikamba na kuandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maji ndiyo mwamuzi

Maji yenye kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mboga zikihitaji milimita 5 kwa siku, matuta yote 7 yatahitaji lita 315, karibu ndoo 16 za lita 20. Kaya inayoweza kuchota ndoo 6 tu ina lita 120, zinazotosha mita za mraba 24. Kaya hiyo ianze na matuta 2, yenye jumla ya mita za mraba 18, na kuongeza mengine mvua zinaponyesha. Matuta mawili yanayomwagiliwa vyema hulisha familia kuliko saba yanayokauka.

Hesabu hizi zinavihusu pia vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Mkopo huo hurejeshwa, na wavu ulionunuliwa kwa kukisia hulipiwa sawa na uliopimwa.

Wakazi wanaohitaji ushauri wanaombwa kufika kwa Afisa Ugani wa kata wakiwa na mchoro wa kiwanja, vipimo vyake, na idadi ya ndoo za maji wanazoweza kupata kila siku.